Adapta ya CCS2 kwenda CHAdeMO: kagua kufuli kabla ya kuuliza bei

Nissan Leaf nyingi (magari ya umeme) zinazoonekana Nakuru na Kisumu ni mitumba ya Japani. Puani zina matundu mawili: CHAdeMO la chaji ya haraka na Type 1 la chaji ya polepole. Ukifika kwenye chaja yenye mkono wa CCS2 (plagi nyingine ya chaji ya haraka) peke yake, huna pa kuuchomeka. Ndipo kisanduku hiki cha adapta kinapopata wateja: upande mmoja kinapokea plagi ya CCS2, upande wa pili kinaingia garini. Vinatoka China kwa majina mengi na umbo karibu lilelile, na bei yake inakaribia shilingi laki moja. Kwa Leaf ya kilowati-saa 40 inayokwenda Kisumu kutoka Nakuru na kurudi siku hiyohiyo, kifaa hiki ni cha maana. Vingine hata ukipewa bure, kataa.

Usikidharau ukadhani ni kiunganishi tu. CHAdeMO huzungumza na gari kwa nyaya za CAN (mfumo ambao kompyuta za gari huwasiliana kwao), ilhali CCS hupitisha ujumbe wake juu ya waya wa kudhibiti, kwa lugha nyingine kabisa. Tena Leaf husubiri volti 12 kutoka upande wa chaja ndipo ifunge swichi kubwa za betri yake, na CCS haitoi volti hizo. Kwa hiyo ndani ya adapta lazima kuwe na kompyuta ya kutafsiri na kibetri cha kutoa volti 12. Ukiona adapta nyepesi isiyo na kompyuta wala chanzo chake cha umeme, hiyo ni plastiki yenye pini. Kibetri kikiisha, gari halianzi kuchaji na lawama zinaiendea chaja. Kijaze kwa USB usiku wa kuamkia safari.

Sasa kufuli. Kwenye CHAdeMO kufuli liko ndani ya plagi. Kwenye CCS2 liko upande wa tundu: kijipini husukumwa na mota, kikaibana plagi isitoke. Adapta ndiyo inayosimama mahali pa tundu, basi kijipini na mota ni lazima viwe ndani yake. Visipokuwemo, mtoto au mpita njia anaweza kuvuta plagi ampea zaidi ya 100 zikipita. Umeme wa nyumbani (AC) hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na hilo husaidia cheche kuzimika. Umeme wa DC, ule wa chaji ya haraka unaokwenda upande mmoja tu, haupumziki. Cheche hubaki ikiwaka kati ya pini, ikayeyusha shaba na kuunguza mkono na macho. Usijaribu kufuli kwa kuvuta wakati wa kuchaji! Mwambie muuzaji akutumie video ya kijipini kikitoka na kurudi, na siku ya kwanza usikilize mlio wake kabla mkondo haujaanza. Kukiwa kimya, zima.

Kinachofuata ni joto. Leaf hiyo ya kilowati-saa 40 huvuta karibu ampea 120. Mguso safi wenye ukinzani wa mili-ohmu 1 hutoa wati 14 hivi. Ukichafuka ukafika mili-ohmu 5, ni wati 72, sawa na kuacha solda ya fundi wa redio ikiwaka ndani ya plastiki. Adapta nzuri ina vihisi joto karibu na pini, hupunguza mkondo mapema, na hukata pasipo kusubiri harufu. Maelezo yake yataje inakata kwa nyuzi ngapi; yakikaa kimya, jibu umelipata. Vumbi la Nakuru lipulizwe kwa hewa kavu, na baada ya mvua ya jioni Kisumu pini zikauke kabisa. Wapo mafundi wanaopiga pini msasa zing'ae. Huko ni kuondoa tabaka la fedha linalopunguza ukinzani, na wiki chache baadaye joto linazidi. Adapta iliyodondoka ikapata ufa haigundishwi.

Jambo moja la huku kwetu: vifaa vingi vya umeme hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 2,000. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, imo. Eldoret na Mau Summit zimepita. Hewa nyepesi hupoza vibaya na uwezo wake wa kuzuia umeme kuruka ni mdogo zaidi, hivyo soma kitabu cha adapta kabla ya kuchaji huko juu.

Maandishi ya "250A 1000V" yasikutie wazimu. Betri ya Leaf haifiki hata volti 420. Afadhali ripoti ya maabara inayotaja IEC 62196-3 (kiwango cha kimataifa cha plagi za chaji ya DC) na modeli ileile unayonunua. Alama ya CE (ya viwango vya Ulaya) peke yake mwenye kiwanda anaweza kuibandika mwenyewe.

Wakati wa kutumia, shikilia uzito: kebo ya CCS2 ni nzito, na ikining'inia kwenye pua ya Leaf inapindisha pini. Baada ya dakika 10 gusa kisanduku kwa mgongo wa mkono. Usipoweza kuuacha hapo sekunde tano, simamisha. Kumaliza, zima kwenye chaja, ngoja ampea zisome 0, usikie kufuli likiachia, ndipo uvute. Kasi ikishuka baada ya kupanda Mau usiilaumu adapta. Betri ya Leaf hizi za mitumba haina upoozaji wa maji, na gari lenyewe ndilo linaloomba mkondo mdogo.

Ile adapta ndogo ya Type 2 (plagi ya chaji ya polepole ya mtindo wa Ulaya) kwenda Type 1 ni kitu kingine, kwa kuwa pande zote mbili lugha ni moja na haihitaji kompyuta. Iwe ya ampea 32, ibane vizuri, basi. Ila usichomeke adapta juu ya adapta, iwe ya AC au ya DC: kila kiungo kinaongeza ukinzani, na kufuli la katikati hakuna anayelisimamia.