Fundi alinifungia gesi kwenye baridi ya hasi 15, na kwanza akaniuliza mwenye nyumba yuko wapi

Naandika hii na hasira bado iko kooni. Kampuni hii ya kutengeneza hita siitaji jina, lakini wanaokaa upande huu wa Brooklyn Park, Minnesota, gari zao mnaziona kila siku.

Mama yangu alikuwa amefika kutoka Mombasa, hata mwezi hajamaliza. Ilikuwa Januari, ile wiki shule zilifungwa kwa sababu ya baridi, nje hasi 15 Fahrenheit, yaani kama hasi 26 kwa Selsiasi ya kwetu nyumbani. Minnesota nimeizoea, miaka kumi na kitu sasa, lakini baridi ya nje na baridi ya ndani ya nyumba ni vitu viwili tofauti kabisa. Alfajiri naamka kuswali, namkuta mama sebuleni ameketi, kavaa koti langu la theluji na leso mbili juu yake, ananiambia mwanangu hii nyumba imepoa kama maiti. Naangalia themostati, nimeiweka 70, inasoma 58.

Nikashuka besimenti. Nilikaa mbele ya ile hita kubwa ya gesi, wenyewe huiita fanesi, nikaitazama. Feni ndogo inavuma, kiwashio kinawaka rangi ya chungwa kama kaa la mkaa, gesi inashika vuuu, moto wa buluu nauona kwenye kidirisha, nahesabu moja mbili tatu nne, unazima. Inatulia, inaanza tena, moto, nne, unazima. Mwishowe ikajifungia, ikabaki ile taa nyekundu ndogo kwenye bodi inamwekamweka. Filta ilikuwa mpya. Nikatoka na buti hadi nyuma ya nyumba kuangalia lile bomba jeupe la moshi kama limezibwa na barafu, halikuzibwa.

Sasa hawa watu nawalipa kila mwezi, ile plani ya matengenezo, miaka mitatu sijawahi kuchelewa hata siku moja. Nikapiga simu. Msichana aliyepokea, Mungu ambariki, aliongea na mimi kama binadamu. Akaniambia nifungue mifereji kidogo maji yadondoke ili mabomba yasigande, nifungue makabati ya chini ya sinki joto liingie, na nisiwashe oveni kujipasha joto hata iweje kwa sababu ya ile gesi ya sumu, kaboni monoksaidi. Nikasema hawa ni watu wazuri.

Mchana akaja fundi. Kijana. Nafungua mlango ananitazama, anamtazama mama nyuma yangu, anauliza, "Mwenye nyumba yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akauliza tena kama mume wangu yupo. Nikamwambia mume wangu yuko kazini, na hati ya nyumba ina jina langu. Akashuka besimenti bila kujibu, na viatu vyake vya theluji juu ya zulia.

Nikaanza kumueleza, inawaka sekunde nne kisha inazima. Akaniinulia kiganja hivi, kama unavyomnyamazisha mtoto mezani, akasema haya mambo ni ya kiufundi, hutaelewa. Mbele ya mama yangu! Mama Kiingereza chake si kingi lakini ule mkono aliuelewa. Akatoa kifuniko, akamulika tochi, wallahi hata dakika tano hazikufika, akasema lile sanduku la chuma la ndani limepasuka, lile linalotenganisha moto na hewa tunayovuta, sumu inaweza kuingia vyumbani. Nikamwambia nionyeshe ufa. Akasema huwezi kuuona. Nikamwambia kengele za sumu ziko karibu na vyumba vya kulala kama sheria ya hapa inavyotaka na hakuna iliyolia. Akafunga valvu ya gesi, akabandika stika nyekundu, akafungua tableti yake. Hita mpya, dola 9,400, nikisaini leo leo ananipunguzia 800.

Sikusaini. Alipoondoka mama akasema, "Huyo hakutazama kitu. Hata goti hakupiga chini."

Usiku ule tulilala wote chumba kimoja, watoto watatu, mume wangu, mimi na mama, na hita moja ya umeme tuliyoichomeka ukutani moja kwa moja. Nilikaa macho kuilinda. Mama anajifanya kalala, nasikia meno yake. Mwanamke wa miaka 71 aliyetoka kwenye joto la Likoni kuja kuona wajukuu. Na mimi nikiwaza, je kama yule kijana amesema kweli? Manake sumu hiyo haina harufu, inaua watu usingizini. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi ya mkono wake. Hofu ya kweli aliichukua akaifanya ya kuuzia.

Asubuhi nikapiga tena, nikataka fundi mwingine. Akaja mzee mmoja, ndevu nyeupe, akavua viatu mlangoni. Akaniuliza, "Niambie umeona nini." Nikamwambia, moto, sekunde nne, unazima. Akasema basi kazi nusu umeshanifanyia. Akapiga magoti, akafungua skrubu moja, akachomoa kijiti cha chuma chembamba kama spoku ya baiskeli, kimepakwa kitu cha kijivu kama majivu. Akakiweka kiganjani mwangu nikione. Akasema hii ndiyo inayohisi moto, umeme mdogo mno unapita kwenye mwali mpaka kwenye bodi, kikichafuka bodi inadhani hakuna moto na inafunga gesi isije ikajaa nyumbani. Akakisugua na steliwuli laini, akakirudisha.

Lakini hakuwasha kwanza. Akaingiza kamera ndogo ya waya kwenye lile sanduku, akamwita mama aje atazame naye, kona kwa kona. Hakuna ufa. Akasema ungekuwepo, mimi mwenyewe nisingekuwashia hata ungelia. Kisha akatoa ile stika. Ikawaka vuuu, nikahesabu mpaka sitini, machozi yananitoka. Mama alimkalisha jikoni akampa chai ya tangawizi na mahamri.

Sasa shida ni kwamba mzee naye ni wa kampuni ile ile. Nilikuja hapa kutoa nyota moja, nikawaza yeye na yule msichana wa simu, nikasema tatu. Wamenirudishia pia dola 129 za ile safari ya kwanza. Ningeishia hapo. Lakini bosi wao alipopiga alisema anasikitika kwa "kutoelewana". Hakukuwa na kutoelewana. Nilimuuliza kama yule kijana bado anatumwa majumbani kwa watu, akasema hayo ni mambo ya ndani ya kampuni.

Nyota moja. Na plani nimeikata. Yule mzee amenipa namba yake, anastaafu mwezi wa nne, mama ameshaniambia akija tena mahamri yawe tayari.