Scarlett Solo na maikrofoni mbili chini ya mabati ya Nkuhungu

Kwa miezi minane nimerekodi muziki katika chumba kimoja cha nyumba yangu iliyopo Nkuhungu, jijini Dodoma, kwa vifaa nilivyovinunua kimoja kimoja kadiri fedha ilivyopatikana: intafesi ya sauti ya Focusrite Scarlett Solo ya kizazi cha tatu, maikrofoni ya kondensa ya Audio-Technica AT2020, maikrofoni ya Shure SM58 na hedifoni za Audio-Technica ATH-M20x. Ukiiacha kompyuta mpakato niliyokuwa nayo tayari, vyote hivyo, pamoja na stendi, nyaya na gharama za kusafirisha mzigo kwa basi kutoka Kariakoo, vilinigharimu shilingi 1,460,000. Ninaandika hasa kwa ajili ya yule anayekusudia kurekodi muziki wa huku kwetu, yaani zeze (ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde), ilimba (ala ya vibao vya chuma vinavyochezwa kwa vidole) na sauti za kwaya, kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu studio za nyumbani humfikiria msanii anayeimba peke yake juu ya mdundo uliokwisha kutengenezwa.

Nianze na Solo, kwa kuwa ndiyo niliyoisifu mapema na kuijutia baadaye. Ni kisanduku chekundu cha chuma kinachopokea sauti ya maikrofoni na kuigeuza kuwa data ya biti 24 inayoingia kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kinatoa umeme wa volti 48 ambao maikrofoni za kondensa kama AT2020 haziwezi kufanya kazi bila huo, na duara la taa linalozunguka kitufe cha kiwango cha sauti huwaka kijani sauti inapoingia vizuri na jekundu inapozidi, jambo linalomsaidia sana anayeanza. Sauti yake ni safi kuliko nilivyotarajia kwa bei hiyo. Kwa kuwa hakihitaji adapta yake na hujilisha umeme kutoka kwenye kompyuta, umeme ukikatika katikati ya wimbo kazi huendelea mpaka betri iishe. Kwa hakika nimejizoesha kurekodi kwa betri hata umeme ukiwapo, kwa sababu chaja ya kompyuta yangu ilipokuwa imechomekwa ukutani ilileta mngurumo mdogo usiokoma, na mngurumo huo ulitoweka nilipoichomoa.

Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa kwa mazingira yetu: Solo ina tundu moja tu la maikrofoni. Tundu la pili ni la gitaa au kinanda, na maikrofoni ya kawaida haiwezi kuchomekwa hapo ikafanya kazi. Anayeimba juu ya mdundo hatalihisi pengo hilo, kwa kuwa anahitaji maikrofoni moja tu. Mpiga zeze, hata hivyo, huimba huku anapiga, kama alivyofanya marehemu Hukwe Zawose aliyeufikisha muziki wa Wagogo mbali, na vitu hivyo viwili havitenganishiki kwa urahisi. Nilimwomba mzee mmoja kutoka Chamwino, mjomba wa jirani yangu, apige zeze kwanza kisha aimbe baadaye akiwa amevaa hedifoni. Alijaribu mara tatu, akaziweka hedifoni mezani, akaniambia kwa upole, “Mjukuu wangu, zeze ndilo linaloniambia pa kuingilia.” Tulilazimika kuweka maikrofoni moja kati ya kinywa na ala, na katika rekodi hiyo sina namna ya kuipunguza sauti ya upinde bila kuipunguza pia sauti ya mzee.

AT2020 ni maikrofoni ambayo ningeisifu bila masharti kama ningekuwa na chumba kingine. Kwa ilimba sijapata inayoikaribia: kila kidole kinachogusa chuma husikika, na ule mlio wa kuvuma unaofuata nyuma yake, ambao simu huutupa kabisa, unabaki. Mwimbaji aielekee kwa upande wenye nembo, si kwa ncha ya juu, kosa ambalo wageni wangu karibu wote wamelifanya. Tatizo ni kwamba inasikia kila kitu. Mabati ya nyumba yangu hulia yanapotanuka kwa jua kuanzia saa nne asubuhi, na hulia tena jioni yanapopoa. Upepo wa Juni hadi Agosti hutikisa madirisha na kuleta vumbi ambalo hunilazimu kuifunika maikrofoni kila ninapomaliza kazi. Bodaboda za barabarani sizitaji. Kwa hiyo AT2020 hutumika kwangu baada ya saa tano usiku.

Kuta nazo zilihitaji dawa. Trei za mayai ambazo watu huzibandika ukutani hazizuii kelele ya nje, na mwangwi wa sauti nzito hazipunguzi hata kidogo, nilizibandika, nikazibandua. Kilichosaidia ni godoro kuukuu na mablanketi mawili mazito niliyoyatundika nyuma ya mwimbaji, hatua kidogo kutoka ukutani. Watu wengi huyaweka nyuma ya maikrofoni, lakini maikrofoni ya aina hii husikia zaidi upande wa mbele, kwa hiyo mwangwi unaoingia kwa wingi ni ule unaotoka mgongoni mwa anayeimba. Kazi hii haikunigharimu zaidi ya shilingi 60,000, nami naihesabu kuwa matumizi yenye faida kuliko yote.

SM58, ambayo Shure wamekuwa wakiitengeneza tangu 1966, haina ubora wa kusikia mambo madogo kama AT2020, na sauti inayotoa ni hafifu kwa desibeli 17 hivi, hivyo lazima uongeze kiwango kwenye intafesi na mwimbaji asogee karibu, chini ya shibiri moja. Ukaribu huo ndio siri yake: kelele ya mbali hubaki mbali, na sauti ya mwimbaji huongezeka uzito wa chini. Nimerekodi nayo mchana, mabati yakilia, na msikilizaji hakujua. Ole wako lakini na bandia, ambazo zimejaa sokoni. Ya kwanza niliyoinunua, katika duka ambalo sitalitaja, niliipeleka kwenye mzani wa kidijitali wa muuza dagaa, ikapungukiwa karibu gramu 50 na uzito wa gramu 298 ulioandikwa na mtengenezaji. Muuzaji alinirudishia nusu ya fedha baada ya mabishano marefu.

Kuhusu hedifoni sina la kusema zaidi ya kwamba zinaziba masikio vya kutosha na waya wake ni mrefu. Programu ya kompyuta ninayotumia kurekodi ni Reaper, inayokuruhusu kuijaribu yote kwa siku 60 na kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Audacity ni ya bure na inatosha kwa kurekodi tu, ingawa kuchanganya sauti nyingi ndani yake kunachosha.

Kama ningeanza upya na fedha ileile, ningechukua Scarlett 2i2 yenye matundu mawili ya maikrofoni, SM58 halisi na mablanketi, kisha AT2020 ingesubiri hadi msimu mwingine wa mavuno. Mwezi uliopita nilifanya hivyo kwa sehemu, nikahamia 2i2. Mzee wa Chamwino alirudi usiku, SM58 ikiwa kinywani na AT2020 ikielekea zeze, akamaliza nyimbo tano bila kurudia hata moja. Solo niliiuza kwa kijana wa mtaa wa Kisasa, hapahapa Dodoma, anayeimba Bongo Fleva peke yake chumbani kwake, naye hadi leo hajaniletea lalamiko lolote.