Gitaa Zuri, Duka Lisilo na Adabu: Uzoefu Wangu wa Kununua Gitaa Dogo la Bluzi Arusha

Gitaa nililonunua Arusha mwanzoni mwa kiangazi kilichopita ni zuri, na duka lililoniuzia ni baya, na hadi leo nashindwa kuvitenganisha vitu hivyo viwili kila ninapolipakata. Ni gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, lenye umbo dogo, la bei ya kati, nililolitafuta kwa muda mrefu kwa ajili ya kupiga kwa vidole bluzi (blues), muziki wa Wamarekani weusi. Nililipa Sh 950,000, ambazo kwa mstaafu wa Moshi anayeishi kwa pensheni si fedha za kuchezea. Vipimo na aina ya mbao sitavieleza, kwa kuwa kila mwenye simu anaweza kuvitafuta mwenyewe. Kiwanda na duka nitaviacha bila kuvitaja majina, ingawa kwa duka najizuia kwa shida.

Nieleze kwanza kwa nini nilitaka gitaa dogo, kwa sababu hapo ndipo dharau ilipoanzia. Katika maduka mengi ya Arusha na Moshi, ukiuliza gitaa kavu utaletewa lile kubwa lenye kiuno kipana, kwa maana wanunuzi wakuu ni kwaya, na kwaya inahitaji gitaa litakalosikika katikati ya sauti za waimbaji wengi. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini bluzi ya zamani, ile ya mtu mmoja na gitaa lake, inadai kitu kingine. Gumba linapiga besi kwa kupokezana bila kukoma, huku kidole cha shahada na cha kati vikiuchukua wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Gitaa kubwa huzifanya besi zivume hadi ziufunike wimbo, na kabla sauti ya kwanza haijazimika ya pili imekwisha kuikanyaga. Gitaa dogo hutoa sauti upesi na kuiachia upesi, kwa hiyo kila pigo linasikika peke yake, na ukimya ulio kati ya mapigo unabaki kuwa sehemu ya muziki. Katika ile picha maarufu ya studio, mpiga bluzi Robert Johnson, ambaye rekodi zake zote zilifanyika San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, amepakata Gibson L-1, gitaa dogo. Wengine wengi wa zama zake walipiga magitaa ya Stella yaliyotengenezwa na kampuni ya Oscar Schmidt huko Jersey City, Marekani, ambayo yalikuwa ya bei nafuu na hayakuwa na fahari yoyote. Walipiga walichoweza kununua, na muziki wenyewe ukajifunza kukaa ndani ya masanduku yale madogo.

Wala sisi wa huku hatuhitaji kwenda Mississippi, Marekani, kwenye chimbuko la bluzi, ili kulielewa jambo hilo. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye mtafiti wa muziki wa Afrika Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada huku akiimba kwa Kiswahili, na wazee wetu waliomsikia walimwiga kwenye magalatoni yao, yale magitaa ya Gallotone. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Mkono uliolelewa kwenye mtindo ule, ukigeukia bluzi, unakuta kazi ya gumba imekwisha kufanyika. Kinachobaki ni kujifunza kuzipinda nyuzi na kulegeza mwendo.

Haya yote nilijaribu kumweleza kijana aliyenihudumia. Hakunisalimu. Nina mvi kichwa kizima, nimefundisha darasani miaka mingi, na sikumbuki kijana wa umri ule aliyewahi kuniangalia kuanzia viatuni hadi usoni kisha akaanza na bei. Nilipoomba kushushiwa gitaa dogo lililokuwa limening'inizwa dirishani, alisema: "Mzee, hilo ni la watoto. Chukua hili kubwa, kanisani watakusikia." Nilimjibu kwa upole kwamba silitaki la kanisani. Alilishusha kwa mkono mmoja, akaniwekea juu ya kaunta kama mtu anayetua mzigo wa mkaa, akarudi kwenye simu yake.

Nilitaka kuondoka, na lau gitaa lile lisingekuwa na sauti ile ningeondoka. Nilikaa kwenye kiti, nikalityuni, nikapiga besi mbili tatu kwa gumba, na nikajua kwamba nimelipata. Shingo ilikuwa na upana wa kutosha kuruhusu vidole kukaa bila kubanana. Nyuzi nyembamba zilitoa sauti kavu, yenye ukali kidogo mwanzoni, halafu ikanyamaza bila kuvuta mkia. Nililikagua kwa nje kadiri macho yanavyoweza kukagua, nikalipa, nikapewa risiti iliyopigwa mhuri, nikarudi Moshi nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nilipostaafu.

Baada ya wiki kadhaa nyuzi zilianza kuinuka. Kwanza nilidhani ni hali ya hewa, kwa kuwa mbao hucheza na ukavu, na kiangazi chetu kinajulikana. Kisha kupiga kutoka katikati ya shingo kuelekea kwenye tundu la sauti kukawa kunaumiza vidole, na sauti za juu zikawa hazitulii hata nikityuni namna gani. Nililitazama kwa tochi ya simu, nikaona nyuma ya daraja, kile kipande cha mbao kinachozishikilia nyuzi kwenye uso wa gitaa, ufa mwembamba ulioanzia upande wa besi hadi karibu na katikati. Daraja lilikuwa linang'oka. Asiyepiga gitaa aelewe uzito wa jambo hili: nyuzi sita za gitaa kavu, hata zikiwa za seti nyepesi, huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70, mchana na usiku, gitaa likipigwa au lisipopigwa, na kinachozuia mvuto huo ni gundi iliyo chini ya daraja. Gundi ikiachia, gitaa halipigiki mpaka litengenezwe.

Nilipanda Coaster asubuhi nikiwa nimelipakata gitaa mapajani, kwa sababu sikutaka konda aliweke kwenye buti. Dukani nilimkuta kijana yule yule. Nilieleza shida yangu, naye akaniambia, bila kuliangalia gitaa, kwamba wao hawauzi vitu vibovu. Ndipo nilipoitoa risiti yao mfukoni nikaiingiza kwenye ule ufa nyuma ya daraja, mbele ya macho yake. Karatasi iliteleza ndani taratibu mpaka ikaishia kwenye maandishi ya mhuri yaliyosomeka "Mali ikishauzwa hairudishwi". Kijana aliitazama, akasema: "Umeliangusha, mzee. Au umelipiga sana."

Umelipiga sana! Maneno hayo nimeyabeba kifuani kutoka siku ile. Gitaa limetengenezwa ili lipigwe, na muuzaji anayemlaumu mteja kwa kulipiga hana tofauti na anayetaka tununue vitu kwa ajili ya kuvitundika ukutani. Tajiri wake, ambaye alikuwa anasikia kila neno kutoka meza ya nyuma, alichosema ni "Mzee wangu, soma risiti", na neno hilo "wangu" liliniuma kuliko mengine yote. Niliisoma risiti, na nitaendelea kuisoma. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 ina masharti ya kumlinda mlaji, na mhuri wa mpira uliochongwa mtaani haufuti sheria iliyotungwa na Bunge. Nilimwambia hivyo, naye akageukia wateja wengine. Mtu mmoja tu katika duka lile alinitendea kama binadamu: binti wa kaunta, aliyenisogezea kiti akasema, "Shikamoo baba, pole na safari." Kama binti huyo atafungua duka lake siku moja, nitakuwa mteja wake wa kwanza.

Nilirudi Moshi na gitaa langu bovu nikalipeleka kwa fundi mmoja wa Pasua, ambaye kazi yake ya kila siku ni samani lakini amekwisha kuokoa magitaa mengi ya kwaya. Alilegeza nyuzi, akapasha moto kisu kipana chembamba, akakipitisha chini ya daraja kidogo kidogo, kwa subira ambayo kijana wa dukani hataijua maishani mwake, mpaka daraja likatoka zima. Tuliinama wote wawili kutazama. Katikati palikuwa na mbao tupu yenye alama za gundi. Lakini kuzunguka pande zote, ukanda wa upana wa kama nusu sentimita ulikuwa unang'aa: vanishi ya kiwandani, safi, haijakwanguliwa. Gundi ya mbao inashika mbao. Juu ya vanishi inakaa tu ikingoja kuachia. Kiwandani walizibandika kingo za daraja juu ya vanishi ili kuokoa dakika chache za kazi, kisha duka likalitundika gitaa dirishani, ambako jua la mchana linapita kwenye kioo, na joto hulainisha gundi. Hakuna aliyeliangusha. Hakuna aliyelipiga sana. Fundi aliikwangua vanishi kwa patasi, akapitisha msasa, akapaka gundi, akalibana daraja kwa vibano na kuliacha hadi gundi ilipokauka vizuri.

Nilipokuwa naanza kuandika nilikusudia kumwambia kila mtu asiliguse gitaa hili, na kwa aya kadhaa nimekuwa nikielekea huko. Lakini siwezi, kwa sababu tangu lilipotoka kwa fundi limekuwa gitaa bora kuliko yote niliyowahi kumiliki. Jioni nalegeza baadhi ya nyuzi hadi zote zikipigwa wazi zitoe kodi ya G, kama walivyofanya watu wa Mississippi, mtindo ambao pia unalipunguzia daraja mzigo, na besi zinatembea chini ya gumba bila kuvuma, wimbo ukikaa juu yake waziwazi. Kwa bei ile sijasikia gitaa dogo lenye sauti kama hii, na nimeyapiga mengi katika miji hii miwili. Basi nasema linunuliwe. Hapana, nasema linunuliwe na mtu aliye tayari kulipitisha kwa fundi, na hapo hasira inanirudia, maana kwa nini mtu alipe Sh 950,000 kwa kitu kipya kisha atafute fundi wa samani? Atakayelikuta dukani, aombe karatasi nyembamba na kuipitisha kuzunguka daraja lote kabla ya kutoa hata shilingi moja. Ikizama mahali popote, aliache. Aangalie pia limetundikwa wapi, na kama ni dirishani palipo na jua, aombe lililo ndani ya boksi. Na muuzaji akimwambia kwamba gitaa dogo ni la watoto, aende duka jingine, hata kama sauti yake imemwingia moyoni kama ilivyoniingia mimi.

Fundi nilimlipa Sh 60,000. Fedha hizo nalidai duka, na nimewaandikia barua nikiambatisha picha za ile vanishi, nakala ya risiti yao na risiti ya fundi. Hawajajibu. Nakala nyingine ya barua hiyo imekwenda Tume ya Ushindani.