Chura wa plastiki wa kutupa mbali: anza na yupi?

Anayevua besi Ziwa Naivasha anajua thamani ya mita kumi za ziada. Samaki huyu mwenye kinywa kipana, aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929, hukaa chini ya magugu maji na kando ya mafunjo, na huko huko ndiko viboko wanakojituliza mchana. Mashua haina ruhusa ya kusogea. Inabidi chura, yaani chambo bandia cha plastiki chenye ndoano, aende peke yake, atue juu ya gugu, kisha atambae mpaka penye tundu la maji. Akiangukia njiani, umewashtua samaki bure.

Kwa hiyo ukifika dukani, uliza gramu kabla ya rangi. Besi humwona chura kutoka chini, tumbo tu na kivuli chake. Yale madoa mazuri ya mgongoni hayaoni. Kama pakiti haina uzito ulioandikwa, mwambie muuzaji ampime. Niliwahi kuuziwa chura aliyedaiwa kuwa wa gramu 14, nyumbani mizani ya jikoni ikasema 9, na ziwani akarudishwa na upepo kama jani kavu.

Nafasi ya kwanza nampa chura mwenye tumbo tupu, wa gramu 14 hadi 20, ambaye risasi yake (kipande cha madini cha kumwongezea uzito) imewekwa nyuma, karibu na makalio. Akitupwa hutangulia nyuma, mwili ukakata upepo na miguu ya nyuzi ikafuata. SPRO Bronzeye 65 na Booyah Pad Crasher wote ni wa gramu 14 hivi, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Mbonyeze kwa vidole viwili: ndoano zote mbili zitokeze bila kutumia nguvu. Akiwa mgumu mwache hapo hapo, maana samaki atamng'ata na kumtema. Ukishamnunua, punguza miguu yake kwa mkasi, sentimita moja au mbili. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Wengine humwongezea gololi ndogo za chuma kupitia tundu la ndoano. Inasaidia, na ule mlio wake huita samaki, ila mjaribu kwanza kwenye beseni. Akielea kichwa juu na makalio yakigusa maji, sawa. Akizama hadi mgongoni, toa gololi moja moja mpaka akae vizuri.

Wa pili ni chura aliyejaa plastiki mwili mzima, yule mwenye miguu inayopiga maji kama panka. Zoom Horny Toad ndiye anayejulikana zaidi. Mnunulie ndoano pana ya namba 4/0 au 5/0 yenye risasi shingoni. Bila risasi hiyo miguu hushika upepo na haendi mbali. Ni wa bei nafuu na anafaa kupekua eneo kubwa haraka. Kasoro yake ni kwamba ukisimamisha rili (mashine ya kuviringisha mshipi) anazama, na baada ya samaki wachache plastiki huchanika.

Chura wa kinywa kilichobonyea, anayebubujisha maji, namweka wa tatu. Penye maji wazi ni mtamu, penye magugu hukusanya majani. Wa mwisho ni wale wadogo wa gramu 7: fimbo nzito ya kuvutia samaki kwenye magugu haipindi kwa uzito huo, na fimbo isiyopinda hairushi kitu.

Sasa jambo ambalo ningependa ulizingatie kuliko yote: usinunue chura wa pili kabla ya kubadilisha mshipi. Nailoni nene hujikunja kwenye bobini, kile kigurudumu cha rili kinachobeba mshipi, na kusugua kila pete ya fimbo. Mshipi wa kusukwa wenye nguvu ya ratili 50, wenye nyuzi nane, ni mwembamba zaidi, unaelea, na haunyooki kama mpira. Funga kwanza nailoni kidogo kwenye bobini ili mshipi usiteleze, kisha ujaze mpaka zibaki milimita mbili hivi kufika ukingoni. Bobini iliyojaa nusu huiba umbali. Mfunge chura moja kwa moja, bila kipande cha mshipi mwingine mbele yake, kwa sababu fundo hugonga pete kila unapotupa. Fimbo ya mita 2.1 hadi 2.2 inatosha, angalia gramu zilizoandikwa juu ya mpini, zilingane na chura wako.

Weka akiba ya leseni ya uvuvi na ya mwendesha mashua mwenyeji anayejua viboko walipo.

Chura akiwa mita thelathini, maji yakipasuka, zuia mkono. Kunja mshipi uliolegea mpaka uhisi uzito wa samaki, ndipo uvute kwa nguvu zako zote.