Sinthesaiza inayojiendesha kwa umeme wa waya wa MIDI

Sinthesaiza hii, yaani ala inayotengeneza sauti kwa umeme, haina betri wala adapta; hutegemea MIDI, mfumo ambao vyombo vya muziki vya kielektroniki hutumiana ujumbe wa noti. Chipu, kapasita na spika ya piezo (kisahani kinachotetemeka kwa umeme kidogo) vimebanwa vyote ndani ya plagi ya MIDI yenye pini 5, na kwa kweli ni ufundi wa kupendeza. Umeme huingia kwa pini 4, data kwa pini 5, ardhi (njia ya umeme kurudi) ni pini 2. Ugumu uko kwenye umeme: volti 5 hupitia rezista ya omu 220, hivyo ikivuta miliampia 5 zinabaki volti 3.9, ikivuta 10 zinabaki 2.8, na hapo chipu inaweza kujizima na kuwaka upya katikati ya wimbo. Spika ya koili isingewezekana, kwani huvuta umeme mwingi zaidi.

Sauti ni ya wimbi la mraba: kali, besi karibu hakuna, lakini melodi za juu zinatoka vizuri.

Ichomeke kwenye tundu la MIDI OUT la kifaa chako cha muziki. IN halitoi umeme. Ikibaki bubu, pima pini 4 na 2 kwa mita. Ukikuta sifuri, kifaa chako hakijaunganisha pini hizo, na hapo haitalia kamwe. Noti ikiganda, ujumbe wa kuizima umepotea njiani: tuma ujumbe wa MIDI wa kidhibiti namba 123 (zima noti zote), au ichomoe.