Matembezi mawili ya Gandhi: 1913 na 1930

Novemba 1913, Gandhi aliingia jimbo la Transvaal kutoka jimbo la Natal, Afrika Kusini, na wanaume 2,037, wanawake 127 na watoto 57, wengi wao wachimba makaa ya mawe na familia zao, waliogomea kodi ya pauni 3 waliyotozwa Wahindi waliomaliza mikataba ya kazi. Mzigo mkubwa ulikuwa chakula: kila mtu ratili moja na nusu ya mkate na aunsi moja ya sukari kwa siku. Alikamatwa mara tatu ndani ya siku nne.

Mwaka 1930, nchini India, akipinga kodi ya chumvi, alianza na wafuasi 78 tu, waliozoea nidhamu ya ashramu (makazi yake ya kiroho), kilomita 385 hivi hadi kijiji cha pwani cha Dandi. Kwa mpangilio, haya yalikuwa bora zaidi. Kwa matokeo ya haraka, sivyo: kodi ya pauni 3 ilifutwa 1914; ya chumvi ilibaki.