Mkanda wa kupasha lenzi joto: wameuuza kwa ajili ya umande, wameukataa kwa sababu ya umande

Nimenunua huu mkanda kwenye duka moja la vifaa vya kamera Kariakoo. Unauzungusha kwenye lenzi, unauchomeka kwenye pawabenki, basi. Anayepiga harusi hauhitaji. Anayepiga galaksi kutoka Dar, asipokuwa nao asihangaike kutoka nyumbani: hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kioo kikielekea juu usiku kucha kinapoa kuliko hewa yenyewe, umande unatua hapo hapo. Ukifuta unarudi.

Masika yalikuwa yameisha juzijuzi. Mimi na mdogo wangu tukaenda Kimbiji, pwani ya kusini mwa Dar, kwa sababu kule taa za jiji unazipa mgongo, na galaksi ya Centaurus A iko kusini, imepanda vizuri mida ya saa tatu usiku mwanzoni mwa Juni. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka milioni 10 kutufikia, na ule utepe wa vumbi jeusi unaoikata katikati naupenda mno. Kutega kifaa cha kufuata nyota kulitutoa jasho. Lazima ukielekeze kwenye ncha ya kusini ya anga, pale nyota zinapoonekana kuzunguka, na huku kwetu iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, imezama kwenye utusitusi wa bahari, huna nyota ya kushikia.

Mawingu yanapita, yanaacha mwanya, yanaziba tena. Kwenye mwanya unapiga picha za dakika moja moja, nyingi, uziunganishe baadaye kwa programu. Za kwanza zilitoka safi. Kisha nyota zikaanza kuvimba, mwisho weupe mtupu. Nagusa mkanda, wa baridi! Na ndiyo kwanza anga limefunguka lote. Niliumia.

Nikaurudisha dukani. Yule kaka hakuugusa hata kwa kidole. "Dada, umeulowesha mwenyewe." Nikamwambia huu kazi yake ni umande, ungekaaje mkavu? Akanisukumia risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Halafu mbele ya wateja wengine, "Nyota zinakulipa nini? Si upige harusi upate hela." Mimi nimempa pesa yangu halali, sikumwomba ushauri wa maisha. Salamu yangu yenyewe hakuiitikia.

Fundi simu wa mtaani kwetu ndiye aliyeufungua. Waya ulikuwa umeachia pale unapoingia kwenye mkanda, solda haikushika tangu kiwandani. Akauchomea kwa buku tatu. Tangu hapo haujazima, lenzi inakaa kavu mpaka alfajiri, hata usiku ambao kamera yenyewe inachuruzika maji. Kwa hiyo siwezi kusema mkanda ni mbaya. Ni mzuri, tena bei yake ni ya haki.

Ila kitu kipya hakitakiwi kupitia kwa fundi kwanza. Nikikumbuka lile anga lilivyofunguka nami sina lenzi, na yule kaka anavyonifundisha kutafuta hela, hayo mazuri niliyoandika hapo juu nayafuta. Msinunue pale. Mkiuona duka lingine, uchomekeni hapo hapo dukani, mvute waya, mushike mkanda mpaka mkono uhisi joto. Wakikataa, ondokeni na pesa yenu.